Pembeni Hadi Mlangoni

Asubuhi yangu ya kwanza ya kazi hapa Doha nilisimama mbele ya mlango wa mgeni, toroli la mashuka ubavuni, na neno la Kiingereza nililofundishwa njiani likanitoka kichwani. Nikagonga mara tatu, nikasema lililokuja: "Hodi." Kutoka ndani sauti ya mzee ikajibu, "Karibu, mwanangu." Nikadhani joto limeshanipanda kichwani. Kumbe alikuwa mzee wa Kiomani aliyezaliwa Unguja, amekuja kutibiwa macho, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu cha Tanga. Nilifanya usafi wa chumba kile huku machozi yakinitoka kwa kukumbuka nyumbani. Yeye akajifanya haoni, na kwa bandeji alizokuwa nazo machoni, huenda kweli hakuona.

Nimestaafu mwezi uliopita. Ninyi wa idara ya usafi mlinikatia keki, mkanivika taji la karatasi kama mtoto wa chekechea, kisha mkasema, "Mama Saida, tuandikie ya kazini usije ukaondoka nayo." Haya, naandika. Niko Al Wakrah kwa binti yangu Saida, ambaye ni nesi, nasubiri kurudi Tanga, na kazi yangu kwa sasa ni kumenya vitunguu na kumkosoa jinsi anavyopiga deki. Vyeo vyangu sitavitaja, havikuwahi kuondoa doa hata moja kwenye zulia. Nitawaandikia juu ya milango na vumbi, na juu ya kijana mmoja ambaye baadhi yenu mlimwona kwenye simu zenu bila kujua kwamba kazi alijifunzia kwenye sakafu hizo hizo.

Aliyenifundisha mimi aliitwa Lourdes, mama wa Kifilipino, mfupi, mkali, mwenye mfuko wa peremende alizotugawia sisi wanafunzi wake tukifanya vizuri. Lourdes alikuwa na sheria moja kubwa: mtu kwanza, vumbi baadaye. Unagonga, unajitaja, unangoja. Unagonga tena, unangoja. Mara ya tatu ndiyo unafungua, taratibu, na ukikuta mtu ndani, hata kama amelala tu, unaomba radhi na kuufunga mlango. Chumba chenye mtu hakifagiliwi. Mimi nikaongeza yangu kwa kila Mswahili niliyemfundisha: hotelini kimya ni ruhusa, lakini kwetu kimya ni hapana. Nyumbani kwa mtu ukibisha hodi mara tatu usijibiwe, unageuza unaondoka. Niliwaambia hivyo kwa sababu kazi inaingia mwilini, na nimeona watu waliorudi likizo wakawafungulia mashemeji milango ya vyumba kama wana funguo kuu.

Kuhusu vumbi la Doha hamhitaji mafunzo, mnalila. Linapita kwenye dirisha lililofungwa. Manyoya ya kupangusia niliyapiga marufuku kwenye ghorofa yangu, maana yanalihamisha vumbi kutoka kwenye taa kulipeleka kwenye mto. Kitambaa kibichi kidogo, kilichokamuliwa hasa. Mswaki wa zamani kwa reli za dirisha. Na unaanzia pembe iliyo mbali kabisa, unarudi nyuma nyuma mpaka mlangoni, ili usiache nyayo zako kwenye sehemu uliyokwisha kusafisha.

Sasa kuwaeleza haya watu waliotoka Nepali, Bangladeshi, Uganda na Kenya, kila mmoja na Kiingereza chake, kulinichosha koo. Nikatunga kiitikio cha Kiswahili. Mimi nasema, "Hodi?" Wao wanaitikia, "Hakuna mtu!" Nasema, "Pembeni!" Wanaitikia, "Hadi mlangoni!" Tulikiimba kwenye stoo ya mashuka kabla ya zamu. Vijana wa Kinepali walikipenda kuliko wote, na mudir wetu, meneja wa Kilebanoni, akawa anapita akikipiga mluzi bila kujua ni nini.

Josphat aliletwa kwangu wakati hoteli ilikuwa imejaa na sisi tumepungua. Kijana wa Nairobi, mrefu, mikono ya shati la sare inamwishia juu ya viganja. Siku yake ya kwanza alianguka kwenye korido akiwa na mashine ya kuvuta vumbi. Si ugonjwa. Alikuwa hajala tangu uwanja wa ndege, kwa kuwa hakujua kwamba chakula cha kantini ni cha wafanyakazi pia. Aliona masufuria yale yanang'aa akadhani ni ya wageni, akaona haya kuuliza. Nakato, Mganda tuliyekuwa tukigawana ghorofa, alimkalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa akamlisha wali kwa kijiko kama mtoto.

"Huyu kijana ataua mimi na huruma," Nakato akasema.

Tangu siku ile salamu yangu kwake ikawa moja tu: umekula? Asubuhi nikimkuta kwenye lifti, umekula? Akitoka likizo ya wiki, umekula? Naye ananijibu, "Nimekula, Mama," hata akiwa amenuna. Alikuwa mwepesi wa kujifunza na mwenye sauti. Nilipochoka koo nilimwachia kiitikio aongoze yeye, na hapo ndipo nilipoona ana kitu. Angeinua mkono mmoja, watu ishirini wanyamaze. Angesema "Pembeni!" kwa namna ambayo hata mimi mwenye kiitikio changu nilitaka kukimbilia fagio. Nilimtania kwamba amekosea njia, angekuwa mhubiri.

"Mathe pia husema hivyo," akaniambia. Mama yake aliuza njugu karibu na kituo cha magari mtaani kwao, alizikaanga mwenyewe na kuzifunga kwenye karatasi zilizoviringwa. Josphat alinionyesha jinsi ya kuviringa, vidole vyake vikubwa vile, na karatasi haikufunguka. Kila Ijumaa alimpigia simu. Mara nyingine alinipa simu nami nimsalimie, na yule mama alikuwa anauliza jambo moja tu: "Anakula?" Nikamwambia anakula mpaka tunaogopa.

Mama yake alifariki ghafla. Ruhusa ya kusafiri ilichelewa, na mazishi hayakungoja. Josphat aliyatazama kwenye simu akiwa kwenye stoo yangu ya mashuka, mgongo ameegemeza kwenye taulo, mtandao ukikatika kila walipotaka kushusha jeneza. Nilikaa naye chini. Nikawa nakunja foronya ambazo zilikuwa zimekwisha kukunjwa.

Ijumaa iliyofuata Nakato alimpeleka Mesaimeer, kwenye makanisa, na mimi Mwislamu nikaenda nao nikakaa uani chini ya kivuli cha turubai. Walimwombea mama yake Waganda, Wakenya, Watanzania, na Mrundi mmoja mlinzi ambaye alitoka zamu ya usiku akaja moja kwa moja na sare yake. Huyo Mrundi ndiye aliyemshika Josphat alipoishiwa nguvu pale mlangoni. Jina lake silikumbuki, na imekuwa ikiniuma kwamba silikumbuki.

Baada ya hapo alikuwa anafanya kazi vizuri, lakini hazungumzi. Siku moja tukiwa tunatandika kitanda akaniambia, bila kunitazama, "Mama, unajua pale mathe alikuwa anauza, saa hii kuna Mrundi? Anauza njugu. Hata arobaini haijaisha."

"Labda hajui palikuwa pa nani."

"Anajua. Hao wamejaa kila mahali. Sisi tuko huku tunafulia watu shuka, wao wako kwetu wanakaa kwa mathe wangu."

"Na sisi hapa tumekaa kwa nani, Josphat?"

Akavuta shuka upande wake mpaka likanitoka mkononi. "Si same," akasema. Tukamaliza kitanda, na pembe zake zilikuwa zimenyooka kuliko kawaida.

Mkataba wake ulipoisha hakutaka mwingine. Nilimfungia sambusa za njiani, akaondoka.

Kilichofuata nilikiona kama mlivyokiona ninyi, kwenye kioo cha simu. Kwanza alikuwa peke yake barabarani, anaongea juu ya mama yake na ile nafasi ya kuuzia njugu, machozi yanamtoka, na mimi nililia naye. Kisha wakawa kumi. Kisha umati. Wakajiita Wenyeji, na yeye wakamwita Mwenyeji Mkuu. Nilicheka kidogo kwa uchungu, maana kwetu mwenyeji ni yule anayekukaribisha ukifika. Walikuwa wanazunguka sokoni wakiwaambia Warundi wa njugu, Wakongo washonaji, Watanzania na Waganda wafungashe virago. Polisi walimkamata kwa mkusanyiko usio na kibali, akatoka kwa dhamana, na siku aliyotoka walimbeba mabegani. Kukamatwa kulimpandisha kuliko hotuba zote. Wanasiasa wakaanza kupiga naye picha, wakisimama upande ambao jua linawapendeza.

Siku ya video ile kubwa nilikuwa kantini na Nakato. Akaiweka simu yake katikati ya sahani zetu. Josphat amepanda juu ya ndoo iliyopinduliwa, ameinua mkono mmoja, umati umenyamaza.

"Pembeni!" akasema.

Wakaitikia kwa sauti iliyotikisa simu, "Hadi mlangoni!"

Niliweka kijiko chini. Maneno yangu yale, niliyoyatunga kwa ajili ya vumbi, na sasa walikuwa wanamaanisha watu, kuanzia pembe za mtaa mpaka mpakani. Kisha wakashuka kwenye ploti moja ya vyumba vya kupanga walimoishi wauza njugu. Josphat mbele. Akaupiga mlango teke, ukaanguka ndani, akatolewa mtu mmoja aliyekuwa amevaa taulo tu, na godoro lake, na beseni la njugu likamwagika uani. Jina la mtu yule tulilijua baadaye, Evariste. Alivunjika mkono.

Nakato hakulia. Alisema, "Mama, huyu mimi nilimlisha na kijiko," akachukua sahani yake akaenda kukaa meza nyingine, si kwa kunikasirikia, ila hakutaka kuonwa. Mimi niliirudisha video mwanzo, tena na tena. Katika fujo zote zile nilikuwa natafuta kitu kimoja cha kijinga. Nilikuwa natazama kama alibisha hodi. Hakubisha.

Safari hii dhamana haikuja kirahisi. Alishtakiwa kwa uchochezi, kuvunja nyumba na kujeruhi. Dada yake, Mercy, alinitafuta akanipa wakili wa Josphat kwenye simu. Wakili alikuwa na adabu sana. Alisema shtaka lililo zito ni la uchochezi, na limesimama juu ya maneno yale matatu. Kama atapatikana mtu wa kueleza kwamba ni maneno ya kazi ya usafi, ambayo Josphat aliimba kwa miaka bila ubaya, huenda shtaka lile likaanguka. "Yaani wewe, Mama, ndiye utakayemwokoa," akasema. Baadaye Josphat mwenyewe akaja kwenye simu kutoka rumande. Nikamuuliza amekula. Akasema, "Nisaidie, Mama. Wewe ndiye mathe niliyebaki naye." Nikamwambia nitasema.

Sikupata raha siku zile. Saida aliniambia nikatae, nijifanye mgonjwa. Nakato aliniambia jambo moja tu tukiwa tunabadilisha mapazia. "Useme yote, Mama. Usiseme nusu." Nilimjibu kwa ukali kwamba sihitaji kufundishwa ushahidi na mtu asiyejua kupanga kulabu za pazia, jambo ambalo halikuwa kweli, maana anazipanga vizuri sana.

Nilitoa ushahidi kwa video siku ya Ijumaa, hapa hapa Al Wakrah, kwenye meza hii ya vitunguu, Saida ameegemeza kompyuta kwenye sufuria. Nilivaa buibui yangu nzuri. Josphat nilimwona kwa mbali kwenye kizimba, amekonda, mikono ya shati inamwishia juu ya viganja kama siku ya kwanza.

Wakili wake akauliza maneno ni ya nani. Nikasema ni yangu. Maana yake? Nikaeleza pembe, kurudi nyuma, nyayo. Hakimu akawa anaandika kwa makini kama atakwenda kufanya usafi kwake. "Kwa hiyo ni maneno ya usafi tu?" akauliza wakili. "Kazini kwetu, ndiyo," nikajibu. Akakaa chini ameridhika, na nikamwona Josphat ameinua uso. Wallahi, kama wangenizimia kompyuta pale ningeshukuru.

Akasimama mwendesha mashtaka, binti wa rika la Saida. "Mama, shikamoo," akaanza. Nikaitika marahaba. "Hicho kiitikio kilikuwa kinaanzia hapo hapo kwenye pembeni?"

Ningeweza kusema ndiyo. Hakuna ambaye angejua, isipokuwa Nakato, vijana wa Kinepali, na kijana aliyesimama kizimbani akinitazama. Nilimpenda, nampenda, na nilijua nikifungua mdomo namfunga.

"Hapana," nikasema. "Kinaanza na hodi."

"Tueleze."

"Nasema hodi, wao wanasema hakuna mtu. Ndipo unaanza pembeni. Ukikuta mtu unaomba radhi, unafunga mlango. Chumba chenye mtu hakifagiliwi."

"Na mshtakiwa alijua hivyo?"

"Alikuwa anaongoza yeye."

Akauliza kama kwenye video nilisikia hodi. Nikasema sikuisikia, na nimeitafuta. Josphat alikuwa ameinamisha kichwa. Hakimu akaniuliza kama nina la kuongeza. Nikasema nataka kumuuliza mshtakiwa kama amekula.

Kuna waliocheka. Hakimu akaniambia kwa upole kwamba shahidi haruhusiwi kuzungumza na mshtakiwa. Nikamwomba radhi. Kabla picha haijakatika nilimwona Josphat amefunika uso kwa viganja vyake vyote viwili.

Alifungwa. Umati haukumngoja, ulishapata mkuu mwingine mwenye sauti kubwa zaidi, na wale wa kupiga picha wakahamia kwa huyo. Mercy hakunipigia tena, na simlaumu. Mimi nilirudi kwenye ghorofa yangu nikaendelea kufundisha. Kiitikio nilitaka kukiacha, lakini Nakato akakataa. Akawa anakiongoza yeye kwa lafudhi yake ya Kampala, na pale kwenye "Hodi?" alikuwa anangoja kidogo zaidi kuliko nilivyokuwa nangoja mimi. Ndivyo mnavyokiimba mpaka leo, na sasa mnajua kwa nini pana kimya pale.

Wiki niliyorudisha funguo, nikiwa hapa namenya vitunguu vyangu, simu ililia namba nisiyoijua. Nikapokea. Kimya. Nikataka kukata.

"Hodi," sauti ikasema.

Kisu nilikiweka chini. "Karibu, mwanangu," nikasema. "Umekula?"

"Nimekula, Mama."

Alikuwa ametoka jela. Anaosha magari kwa mtu, analala kwa dada yake. Hakutaja kesi, nami sikuitaja. Aliniuliza habari za Nakato, nikamwambia yupo na mdomo wake. Kisha akashusha sauti, nikajua kuna kitu.

"Jana nilienda kule kwa ploti," akasema. "Kwa Evariste. Amerudi, anakaa chumba kile kile. Wamemwekea mlango wa chuma."

"Ukafanyaje?"

"Nikasimama nje. Nikabisha hodi."

"Alikuwepo?"

"Alikuwa ndani. Nilisikia redio. Nikasema ni mimi, nikasema jina. Akazima redio."

"Ulibisha mara ngapi?"

"Tatu, Mama. Nikangoja kila mara, vile ulitufunza."

"Hakujibu?"

"Hakujibu."

"Na wewe?"

"Nikaondoka. Nilikuwa nimembebea njugu. Nilikaanga mwenyewe kama mathe. Sikuziacha hata mlangoni, niliona itakuwa ni kama kuingia."

Nilikuwa na mengi ya kumwambia, ya siku nyingi, na yote yakanitoka kichwani kama lile neno la Kiingereza asubuhi yangu ya kwanza. Nikamwambia amefanya sawasawa. Tukakaa hivyo kila mmoja akimsikia mwenzake anapumua, mpaka salio lake likaisha.